Kiti Kimoja cha Wilaya Yetu

Wilaya yetu ina kiti kimoja tu katika Baraza la Shura, bunge la nchi. Wilaya kubwa zina viwili. Sisi tulio wachache tumepewa kimoja, na hicho kimoja tumekigombania kwa adabu kubwa na chuki ndogondogo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Jina la wilaya silitaji. Ukitoka Ibra ukashika njia ya Sur utaipita, na huenda usijue kuwa umeipita.

Mtu wetu wa kwanza hatukumpigia kura. Siku hizo masheikh na wakubwa wa makabila walikaa wakapeleka majina, na serikali ikachagua jina moja. Alitoka nyumba kubwa ya kabila letu. Kilichobaki cha miaka yake yote ni lami ya njia ya makaburini, na hiyo nayo imeshachimbika. Wa pili alitoka kwa jirani zetu wa bonde la juu, msemaji hodari, akasema sana juu ya mitende yenye ugonjwa. Mitende ikafa, yeye akastaafu salama. Alipofika wa tatu, kura ilikuwa imeshafunguliwa kwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, na mimi nikajidanganya kwamba sasa mambo yatabadilika.

Hayakubadilika. Kabla ya kura watu walikutana kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa kabila, wakapatana: safari hii nyumba yenu, safari ijayo nyumba yetu. Kura ilikuwa ya wilaya nzima, lakini mapatano yalikuwa ya watu wasiozidi busati moja. Siku ya kura sote tulikwenda kuyapigia muhuri.

Sisi tuliorudi kutoka Unguja ni wa kabila hilohilo. Babu yetu alitoka hapa, akazikwa Pemba, na jina lake ndilo lililopo kwenye vitambulisho vyetu. Kila ukifika uchaguzi, wazee wa nyumba kubwa walikuja kwetu na tabasamu wakasema nyinyi ni damu yetu. Ukishapita uchaguzi tulirudi kuwa Wazinjibari. Nilikuwa nikikasirika. Kaka yangu hakukasirika. Yeye alikaa nao, akaoa kwao, akawasomeshea watoto wao skuli miaka mingi, na akaingia sabla kila Ijumaa. Mara moja, mbele ya wote, waliahidi kuwa zamu itakayofuata itakuwa yake.

Alikitaka kiti kwa sababu moja. Mkewe figo zimekufa. Mara tatu kwa wiki humpeleka Ibra kwenye mashine ya kusafisha damu, na garini huwapakia wagonjwa wengine wawili wasio na wa kuwapeleka. Huondoka baada ya alfajiri, wakarudi adhuhuri wakiwa hawana hata nguvu ya kushuka. "Nikifika kule Barazani," aliniambia, "nitauliza jambo moja tu. Mashine zije hapa kwetu. Wakinijibu, wasinijibu, nitaliuliza kila wakikaa mpaka wanichoke." Akajiandikisha, na jina lake likatoka kwenye orodha ya wagombea. Shemeji yangu, ambaye siku za mashine hata maji hayataki, siku ile alikula wali.

Mimi wakati huo nilikuwa nimestaafu. Nilifanya kazi Nizwa miaka thelathini na zaidi, afisini, na kwetu nilikuja Idi, mazikoni na siku za kura tu. Nikarudi nimsaidie kaka kampeni. Nasema wazi kuwa mila za sabla sikuzijua. Nililelewa na bibi yetu Unguja mpaka nikabaleghe, na adabu yangu yote ni ya nyumba ile.

Wiki moja baadaye, baada ya laasiri, wakaja watu wanne wa nyumba kubwa. Kaka aliwakaribisha, na mimi kwa kuwa ndiye mdogo nikashika birika. Nikawatilia kahawa, mmoja mmoja, kuanzia kulia. Kila mmoja akapokea kikombe chake akakiweka chini, juu ya busati, mbele ya magoti yake. Hakuna aliyekinywa. Wakaulizana habari za mvua, za afya, za Mudhaibi ambako walikuwa wametoka mazikoni, na vikombe viko palepale. Moyoni nikasema hawa wanaona haya.

Kisha mkubwa wao akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya upole kabisa, "Ustadh, tuna haja kwako. Zamu hii tunaomba umwachie mtoto wetu. Bado kijana, ana mbio, na watu wanamtaka. Wewe tunakuheshimu."

Kaka hakujibu. Niliona anavuta pumzi, na nilijua alikuwa na maneno, kwa sababu nayajua mabega yake tangu utotoni. Kimya kikawa kirefu. Mimi kimya sikiwezi. Nikataka kumpatia nafasi ya kufikiri, nikataka na hewa ya chumba ilegee, nikafanya ambalo bibi angelifanya. Mgeni wa kwetu Unguja hanywi mpaka abembelezwe. Nikasema, "Kunyweni kahawa yenu, jamaa, inapoa."

Wote wanne walinitazama. Halafu wakamtazama kaka. Kaka alinitazama mimi, akatazama busati, akasema polepole, "Kunyweni."

Wakanywa mkupuo mmoja, wote pamoja. Wakasimama, wakambusu kaka kichwani, wakamwombea dua mkewe, wakatoka. Kaka akaingia ndani, na mimi nikakusanya vikombe nikidhani mazungumzo yameahirishwa.

Kesho yake, nje ya msikiti, jirani mmoja alinishika mkono kwa nguvu. "Allah akujaze kheri. Umeliepusha kabila na fitina." Nikamuuliza nimeliepusha vipi. Akacheka, akidhani natania, kisha akaona uso wangu, akanieleza. Mtu akija na haja nzito haigusi kahawa. Huiweka chini, akataja haja yake, na mwenye nyumba akishamwambia kunywa, basi ameshampa. Hakuna karatasi wala shahidi anayehitajika zaidi ya hapo.

Nilirudi nyumbani. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeitoa safari nzima ya kaka yangu kwa sentensi moja ya ukarimu. Nilimkuta anaandika kwenye simu. Alikuwa anajiondoa. Sikuweza kumwambia kitu siku ile, wala ile iliyofuata.

Siku hizi kura hupigwa kwa simu. Kaka alipiga yake kwenye maegesho ya hospitali kule Ibra, mkewe yuko ndani kwenye mashine, na alimpigia yule kijana. Kijana alishinda. Nasikia kule Barazani amezungumzia ukumbi wa harusi. Kati ya wagonjwa wawili waliokuwa wakipanda gari la kaka, mmoja ameshafariki, na nafasi yake kwenye kiti cha nyuma hatujaweka mtu.

Mimi sasa huendesha baadhi ya siku. Hakuna aliyenitaka, nimejitia mwenyewe. Asubuhi moja, tukiwa garini nje ya hospitali tunamsubiri shemeji, nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, nisamehe. Wallahi sikujua maana ya vile vikombe."

"Najua hukujua."

"Wewe ulijua?"

"Tangu walipoviweka chini."

Nikamuuliza, karibu kwa ukali, kwa nini hakusema. Angesema tu huyu mdogo wangu ametoka Nizwa, mila hizi hazijui, na neno lake si neno langu. Wangecheka, vikombe vingebaki palepale, na yeye angewajibu hapana.

Alikuwa anautazama mlango wa hospitali.

"Miaka hamsini," akasema, "kila nikiingia sabla wananambia nyinyi wa Zinjibar ni wageni, mambo ya hapa hamyajui. Miaka hamsini nawaambia si kweli. Sasa siku ile nisimame mwenyewe, nyumbani mwangu, niwaambie ni kweli?"

Mlango ukafunguka, shemeji akatoka akishika ukuta. Kaka akashuka haraka kwenda kumpokea, na mimi nikawasha gari ili ndani pawe na baridi kabla hajafika.