Mlango wa Sentimita Tisini

Pale kwenye kiwanda cha milango na madirisha walimwita Mama Nakala, naye aliliitikia jina hilo kama mtu anavyoitikia cheo. Alikuwa karani wa ofisi kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna barua iliyotoka mikononi mwake bila kuacha pacha wake nyuma. Enzi za taipureta alipanga karatasi za kaboni mpaka vidole vikawa na weusi usiosikia sabuni. Kompyuta zilipokuja, wenzake waliuliza zinawashwaje. Yeye aliuliza, "Na nakala inakaa wapi?"

Ilikaa kwenye folda iliyoandikwa "Zilizotumwa". Watu wengi folda hiyo hawana habari nayo. Mama Nakala aliigawa kwa miaka, kila mwaka akaugawa kwa wateja, na barua za ndani akazitengea mahali pake. Kila siku kabla ya kubeba mkoba alihesabu: leo zimetoka kumi na tisa, humu zimo kumi na tisa? Haya, twende nyumbani.

Fundi wa kompyuta aliwahi kujitia kimbelembele. Seva imejaa, akasema, na nusu ya mzigo ni nakala za huyu mama. Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa alama ya vyema kwenye sehemu ya kuhifadhi barua zinazotumwa, akaenda zake bila kuaga. Jioni hesabu ikagoma: zimetoka saba, kwenye folda hakuna hata moja. Kesho yake asubuhi fundi huyo aliitwa.

"Mama, barua si umeshaituma? Aliyetumiwa anayo. Wewe ya nini tena?"

"Akija kuniambia nilimwandikia mbuzi, na mimi nilimwandikia gari, nitamjibu nini, baba? Rudisha alama yangu."

Akairudisha. Tena akamwonyesha namna ya kuzihamishia barua za miaka ya nyuma kwenye kompyuta yenyewe ili seva ipumue. Mama Nakala alielewa mara moja. Tangu hapo kazi hiyo aliifanya mwenyewe kila mwisho wa mwaka, na ukimkuta anaifanya ulikuwa huna ruhusa ya kumsemesha.

Nakala hizo zilikuwa na meno. Mteja aliyeapa kuwa aliahidiwa madirisha ndani ya wiki moja aliwekewa mezani karatasi inayosema wiki nne, na tarehe yake, na saa yake. Mtunza stoo aliyedai hakuambiwa kitu naye yalimkuta. Mama Nakala hakugombana na mtu. Alisukuma karatasi taratibu kwa kidole kimoja, akakunja mikono, akangoja. Ofisi nzima ilikichukia kidole hicho.

Basi siku moja lori likarudi na milango kumi na miwili ambayo lilikuwa limeipeleka hospitali. Ilikuwa milango ya wodi, na kitanda cha mgonjwa hakikupita hata kwenye mmoja. Hospitali iliagiza upana wa sentimita mia na ishirini. Milango ilikuwa ya tisini.

Lawama zote zikamwangukia fundi mkuu, mtu wa maneno machache aliyebakiza miaka miwili astaafu. Yeye ndiye aliyekata. Meneja alikuwa ameshika barua ya hospitali, na mia na ishirini ilisomeka hata kwa mbali. Fundi alisema alikata alichoandikiwa. Lakini karatasi ya vipimo aliyopewa ilishapangusiwa gundi ikatupwa na maranda, na mtunza stoo, aliyepokea vipimo kwa barua pepe na kuvichapa, alikuwa na tabia ya kufuta kila kitu akishakichapa. Meneja akasema saa tisa watakaa kikao, na asiyejua kusoma tepu atafute kazi kwingine.

Fundi akaja ofisini, kofia mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Dada, wewe hukosi ile barua ya vipimo. Nitafutie. Niliona tisini kwa macho yangu haya. Au ndiyo uzee wenyewe?"

"Nenda karakana, kaka. Nitakuletea."

Alimwonea huruma, maana moyoni alikuwa ameshamhukumu. Yeye, Mama Nakala, aandike tisini? Akafungua mwaka huu, barua za ndani, karakana. Ikamtazama: milango kumi na miwili, mbao ngumu, urefu mia mbili na kumi, upana tisini. Chini yake: "Vitasa kama vya madarasa mengine."

Madarasa? Hospitali ina madarasa gani? Hapo ndipo alipokumbuka. Siku hiyo kazi ilikuwa nyingi, akachukua nakala ya barua ya milango ya shule ya mwaka uliopita, akabadilisha jina, tarehe na idadi, akaituma. Upana ukabaki wa shule.

Miaka yote hiyo alikuwa akiwasukumia wenzake karatasi. Kumbe ni kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale chini ya kidole. Akiifuta hiyo moja, hakuna mtu duniani atakayejua, na fundi ataondoka na kofia yake. Lakini folda yenye pengo moja ni folda ya uongo, na yeye hakuitunza miaka yote ili iwe ya uongo siku inapomsema yeye. Akachapa nakala tatu.

Kikaoni alisukuma karatasi moja mbele ya meneja. "Fundi alikata alichoandikiwa. Aliyeandika ni mimi. Nilitumia barua ya shule, nikasahau kubadilisha upana."

Meneja aliisoma, akaisoma tena. "Mama, hii ungeweza kuifuta."

"Ningeweza."

Fundi aliishika nakala yake kwa mikono miwili. "Kumbe macho yangu mazima," alisema, na hapo hapo yakalengwa na machozi. Kisha akakohoa, akasema milango ile itapata shule yake, na ya hospitali ataanza kuikata kesho asubuhi.

Meneja hakuwa na njia. Barua ya onyo ilimpasa. Tatizo ni kwamba barua zote za pale huandikwa na mtu mmoja. Basi yeye akasema, Mama Nakala akaandika.

"Kutokana na uzembe wako mdogo..."

"Bosi, hilo 'mdogo' tuliondoe. Milango kumi na miwili."

Likaondolewa. Meneja akatia sahihi, yeye akajitumia nakala, akahakikisha imo kwenye folda, akahesabu, akabeba mkoba.

Nyumbani alimkuta mumewe anamenya vitunguu. "Leo nimepewa barua ya onyo," akamwambia.

Kisu kikasimama. "Wewe? Na mbona unacheka, mama watoto?"

"Fundi amebaki kazini." Akatoa karatasi kwenye mkoba, akamnyooshea. "Halafu isome. Nimeiandika mwenyewe. Nitafutie kosa humo, hata moja."

Mumewe alifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma kuanzia tarehe mpaka sahihi, mara mbili. Hakuliona.