Mshona Nguo Asiyeweza Kukaa

Maumivu yalianza mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi la barabara yetu ya Annexe, pembezoni mwa mji, linapokuwa jepesi kama unga. Nilikuwa juu ya kinga yangu, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku Katanga, nikielekea Makomeno kwenye chumba changu cha kushonea. Nikaingia kwenye shimo, shimo la kawaida tu, na kitu kikanichoma ndani ya kalio la kulia. Hakikuchoma kwenye ngozi. Kilichoma ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki hata ukibonyeza vipi. Nilidhani kitapoa kabla sijafika kwenye lami. Niliifikia lami, nikafika Makomeno, nikafungua mlango, nikaketi kwenye cherehani, na pale pale kilipochoma pakachoma tena.

Hapo ndipo ilipo shida yangu, na sijui kama watu wanaielewa ninapowaeleza. Naenda kazini nimekaa. Kazi yenyewe naifanya nimekaa, mguu ukisukuma kanyagio la cherehani tangu asubuhi. Nikimaliza, narudi nyumbani nimekaa. Mtu mwingine akiumia hapo anaweza kusema atapumzika. Mimi ningepumzikia wapi? Riziki yangu yote ilikuwa imewekwa juu ya yale makalio.

Kilichoniudhi zaidi mwanzoni si maumivu bali mahali pake. Laiti ungekuwa mgongo! Mgongo una heshima zake. Ukisema mgongo unauma, watu wanakuletea kigoda, wanakuuliza umelalaje, wanakuombea. Lakini kalio? Hata mke wangu, ambaye hanifichi kitu wala simfichi, ilibidi anivute maneno mdomoni.

"Kunakuuma wapi?"

"Huku nyuma."

"Nyuma wapi? Mu mugongo?"

"Chini ya mugongo."

"Baba, sema tu matako. Tuko bawili humu mu nyumba."

Nikasema. Akacheka, halafu akaona sicheki, akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Nilikandwa kwa maji ya chumvi mpaka ngozi ikawa nyekundu kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Ndani, kile kitu kilibaki kama kilivyokuwa.

Niliamua kwamba mkosaji ni kiti cha kinga. Fundi wa karibu na soko letu alikiangalia akatikisa kichwa, akaniambia ni kigumu na kimezeeka. Akanifungia kingine, kipana, chenye springi mbili, na alipokuwa akikaza nati akakipandisha juu. "Sasa utakaa kama mukubwa," akasema. Kweli nilikaa kama mkubwa. Nilikuwa naona juu ya nyua za watu. Lakini kabla ya wiki kwisha maumivu yalikuwa yameshuka kutoka kwenye kalio hadi nyuma ya paja, na nilipofika Makomeno nilishuka kama mzee anayeshuka juu ya lori, mguu mmoja kwanza, kisha kimya kidogo, kisha wa pili.

Nilirudi kwa fundi. Akasema kiti kipya lazima kikuzoee. Nilimuuliza nani kati yetu ndiye anayetakiwa kumzoea mwenzake. Akainama kuziba tairi ya mtu mwingine.

Basi nikajitegemea. Mimi ni fundi wa nguo, nikasema, nitashindwaje na jambo la nguo? Nikakata sponji ya godoro vipande viwili, nikavishonea ndani ya suruali yangu ya kazi, kulia na kushoto, kwa uzi wa nguvu. Ilikuwa kazi nzuri, mshono haukuonekana kabisa. Kilichoonekana ni umbo. Nilipoingia uwanjani Makomeno, mama mmoja mteja wangu, aliyekuja kuchukua gauni la harusi, alinitazama nikipita, akaziba mdomo kwa kanga yake.

"Fundi, umenenepa wapi hivi?"

Nilikaa haraka ili nisionekane, na kukaa kukaniuma. Ilipofika saa ya jua kali, sponji ilikuwa imekunywa jasho lote la barabarani na ikawa nzito, yenye joto, kama uji ndani ya suruali. Niliifumua siku hiyo hiyo nikaitupa.

Kisha nikaenda dispansere, zahanati ya mtaani kwetu. Muuguzi aliniuliza maswali mawili bila kuinua kichwa, akasema ni baridi, nahitaji sindano za siku kadhaa.

"Sindano ya wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mu matako, baba. Wapi tena?"

Nilimweleza kwamba ndipo panapouma. Akasema hakuna shida, atachoma upande mwingine. Na akachoma upande mwingine kila siku, mpaka upande mwingine nao ukavimba. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilikuwa na usawa: kulia na kushoto vyote viliuma. Nilipanda kinga nikiwa nimesimama juu ya pedali njia nzima, na vijana wa pikipiki wakanipigia makofi wakidhani nafanya mbio.

Msikitini nako sikupona. Kusimama, sawa. Kurukuu, sawa. Kwenye kikao cha tahiyatu nilikuwa nainama kushoto polepole hadi bega langu linamgusa jirani. Jirani alinivumilia Ijumaa kadhaa. Mwishowe, tulipotoka, akanishauri kwa upole niswali kwenye kiti, kule nyuma na wazee. Nina mvi chache tu. Baba yangu mwenyewe, aliyetoka Maniema na kushona kanzu za mji huu mpaka macho yakamwishia, hakuwahi kuswali kwenye kiti. Nilimshukuru jirani, nikaenda nyumbani nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Na katikati ya hayo ikaja posa ya mpwa wangu.

Dada yangu mkubwa, ambaye wote tunamwita Yaya, ni mjane, na binti yake hana mwingine wa kumsemea ila mimi, mjomba. Familia ya mchumba ni wafanyabiashara wa Kasomeno, mbali na mji. Walikuja kwa lori la mahindi, wakiwa wamejaa vumbi la njia hata kwenye kope, wakanawa, wakavaa kofia safi, wakaketishwa sebuleni kwa Yaya juu ya mazulia aliyoazima kwa majirani. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Mimi niliketi mbele, miguu nimeikunja, uso kwa uso na msemaji wao, mzee mrefu, ami yake mchumba.

Mwanzo nilivumilia. Salamu zilikuwa ndefu. Dua ilikuwa ndefu. Mzee alianza kutoka kwa babu zake, akawapitia mmoja mmoja, na kila babu alikuwa na sifa zake. Nilijaribu kuegemea kushoto, nikakumbuka sindano. Niliegemea kulia, jasho likanitoka. Ndipo mzee akafika kwenye neno lenyewe.

"Sisi tunaomba mutoto wenu," akasema, "na tunaomba akuje kukaa na sisi kule kule Kasomeno."

Kule Kasomeno. Tulijua neno hilo litakuja, na Yaya alikuwa amenifundisha la kujibu, kwamba hatukatai lakini binti amalize kwanza masomo yake. Nilifungua mdomo nijibu, na wakati ule ule umeme ukanipiga kutoka kalioni hadi kwenye kisigino. Nikasimama. Sikuamua kusimama. Nilijikuta tu nimesimama, mikono kiunoni, uso umekunjamana, juu ya vichwa vya wageni wangu.

Mzee aliniangalia kutoka chini, akawageukia wenzake, akaanza kutafuta fimbo yake.

"Tumesikia," akasema. "Mjomba amesimama. Jibu tumeliona."

"Hapana, baba, musiende!" nikasema. "Haiko bile munafikiri. Ni muguu. Muguu unaniuma."

Mzee akafikiri. "Muguu?"

"Ndiyo, muguu."

"Muntu akiumwa na muguu anakaa," akasema, bila hasira, kama mtu anayepima jambo. "Weye ulikuwa umekaa, na unasimama juu ya muguu."

Kila nilichofikiria kusema kilikuwa na lile neno ndani yake, na mbele ya wakwe neno lile halitamkwi. Nilisimama pale nikiwaza kwamba nitamvunjia mtoto ndoa yake kwa sababu ya shimo la barabarani. Nilimwona mchumba mwenyewe, kijana wa watu, akikodolea macho zulia kama aliyehukumiwa.

Ndipo pazia likafunguka na Yaya akatoka. Alikuwa analia au anakaribia kulia.

"Ni matako!" akasema. "Munisamehe, bakwe. Matako inamuuma, tangu kiangazi! Hawezi kukaa, na hataki kusema!"

Mtu mmoja nyuma ya pazia alicheka, kisha wote. Nilitamani zulia linifunike. Lakini mzee hakucheka. Aliweka fimbo chini, akavuta mto uliokuwa karibu, akajiinua upande mmoja taratibu na kuusukuma chini yake.

"Shi ungesema mapema," akaniambia. "Na mimi tangu Kasomeno niko juu ya mufuko ya mahindi. Minakaa hapa kwa adabu tu."

Posa iliendelea mimi nikiwa nimesimama nimeegemea ukuta na yeye nusu amelala. Tulikubaliana mambo yote, hata masomo ya binti. Wakala, wakaondoka kwa furaha. Watu wakiikumbuka siku ile wanaisimulia kama siku nzuri, na ilikuwa nzuri. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba kutoka Makomeno hadi Kasomeno sasa hakuna asiyejua kinachonisumbua na kinaniuma wapi, na kujua kwao hakukunipunguzia hata kidogo.

Yaya ndiye aliyenipeleka kwa kine. Alisema aibu imekwisha kuisha, hakuna tena cha kuficha. Kine ni wale wataalamu wa viungo na misuli, na huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mifupi yenye nguvu, katika hospitali moja mjini. Alinilaza kifudifudi, akatafuta kwa kidole gumba, halafu akaweka kiwiko. Nilipiga ukelele hata Yaya kule nje akasikia.

"Eh, njo hapa penyewe," akasema kwa kuridhika, kama aliyepata funguo zake.

Alinieleza kwamba ndani ya kalio kuna msuli mdogo, na chini yake unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni. Msuli ukikaza, unaubana mshipa. Akauliza kiti cha kinga kiko juu kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mkono. Akasema ndiyo maana: kila nikisukuma pedali, nyonga zinayumba huku na huku kutafuta mguu ufike, kisha siku nzima nakalia hapo hapo palipochoka. Akanifundisha kulala chali, kuweka kifundo cha mguu juu ya goti la pili, na kuvuta paja kuelekea kifuani.

"Na kinga, uache kwanza."

"Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka paache kuuma."

Hilo ndilo jibu lililonikasirisha kuliko yote, na lilikuwa la kweli. Nilishusha kiti, nikaiegemeza kinga ukutani, nikaanza kwenda Makomeno kwa miguu. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilifika nimechelewa, viatu vimejaa tope, wateja wamesubiri na wengine wameondoka kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Jioni nililala sakafuni nikivuta mguu wangu huku mke wangu akipita juu yangu na sufuria. Nilitegemea siku moja nitaamka hakuna kitu. Siku hiyo haikuja. Kilichokuja ni kwamba asubuhi moja nilikata kitambaa chote cha suti, nikashona mikono yake miwili, ndipo nikakumbuka kwamba sijafikiria kalio langu tangu nilipoamka. Nikalifikiria, nalo likaniuma kidogo, kama lililoitwa.

Sasa napanda tena, si kila siku. Kwenye lami mimi na kalio tunaelewana. Kwenye njia ya Annexe, mvua ikiwa imechimba mifereji, linaamka. Nimejifunza kushona kidogo, kusimama, kukata, kukaa tena. Kazi inachukua muda mrefu zaidi na wateja wananung'unika. Nikimuuliza kine lini maumivu yatakwisha kabisa, ananiuliza kama nafanya mazoezi kila jioni, na mimi naangalia dirishani.

Juzi nilishuka kabla ya kufika kwenye lami, nikawa naisukuma kinga kwa mkono. Wabeba makala, wale wa mkaa, walinipita, mizigo yao mirefu kuliko wao. Mmoja akageuka.

"Baba, kinga imekufa?"

Nilitazama magurudumu, yamejaa upepo vizuri, na mnyororo unaong'aa kwa mafuta.

"Imekufa," nikamjibu, maana hadithi ya kweli ingekuwa ndefu, nikaendelea kusukuma.