Picha ya Shamba la Shosho Betty

Kiangazi kile nyumba ya Shosho Betty ilinuka kahawa iliyochemka mno na nta ya kung'arishia meza. Ilikuwa mjini Irving, Marekani, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilipita chini kiasi cha kutikisa vikombe kabatini. Mama alikuwa nesi, akimhudumia bibi kizee huyo wa Kimarekani nyumbani kwake, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alienda nami kila siku. Mkabala na kitanda palitundikwa picha ya rangi ya mafuta: kilima, zizi la ng'ombe, nyumba ya mbao, na njia nyekundu iliyoshuka mtoni. Marehemu mumewe ndiye aliyeichora, kabla hawajaliuza shamba lenyewe. Kila asubuhi Shosho aliitazama na kuwaita ng'ombe wale kwa majina. Mama naye alimtajia wa kwao Ol Kalou, nyumbani tulikotoka, na wawili hao wakabishana kwa furaha ni wa nani waliotoa maziwa mengi zaidi. Niliwapenda sana wakibishana.

Kisha mwana wa Shosho akaamua kumpeleka mamake kwenye makao ya wazee, na vitu vyake vyote vikatolewa uani vipigwe mnada. Picha nayo ilibandikwa namba. Shosho alikaa chini ya mwavuli, mikono mapajani, akiikodolea macho. Nilimwonea huruma.

Mama aliujua mnada wa aina moja tu, ule wa harambee kanisani kwetu. Pale, baada ya ibada, keki au jogoo hupandishwa bei kwa vigelegele, mtu huongeza hata juu ya bei yake mwenyewe kwa kuwa ni kazi ya Mungu, na aliyeshinda humzawadia mwingine papo hapo. Basi picha ilipoinuliwa, akanyoosha mkono. Hakuna aliyempinga. Akanyoosha tena, akaongeza.

"Mama, unashindana na wewe mwenyewe," dalali akamwambia, watu wakaangua kicheko.

"Mum, please, sit down," nilinong'ona, nikitamani ardhi inimeze.

"Hebu nyamaza wewe. Bei gani hiyo? Hata jogoo wa kanisa anaishinda!"

Dalali alipogonga nyundo, mama alisimama akatangaza kwa Kiingereza chake cha Ol Kalou kwamba ameinunua, na anamrudishia Shosho mwenyewe. Kisha akapiga vigelegele, peke yake, katika ua ule wa watu walioduwaa. Shosho alicheka huku akilia. Mwanawe akavua kofia, akaibeba picha mwenyewe hadi garini, na jioni hiyo ikatundikwa mbele ya kitanda chake kipya kule makaoni.

Siku hizi naishi mjini Katy, kwenye nyumba yenye kuta nyingi kuliko vitu vya kutundika, na ni nesi kama mama. Harambee zetu tunachangia kwa simu, kimya kimya. Mama yuko nami, miguu imemgomea, na ninayapitisha maisha yangu kwenye barabara kuu ya kwenda kazini Houston na kurudi. Juzi nilimuuliza anataka picha ipi mbele ya kitanda chake. Nilikuwa nimeshamtafutia kadhaa za Ol Kalou, nzuri ajabu.

"Picha ya nini?" akanijibu. "Weka kiti hapo. Ukae nikuone."

Kiti nilikiweka siku ileile. Kukaa ndiko bado ninakojifunza.