Kondomu za Simu za Jibondo

Nilikwenda Jibondo kwa sababu ya maboksi. Kondomu tulizokuwa tunapeleka huko kutoka ofisi yetu ya afya Kilindoni zilikuwa zinakwisha haraka kuliko kijiji kingine chochote, na bado vijana wa kisiwa hicho walikuwa wanatujia na magonjwa ya zinaa. Bosi wangu akasema, "Nenda ukaone zinakwenda wapi." Mimi ni mtu wa Njombe, bahari naiogopa, lakini kazi ni kazi.

Saa mbili asubuhi niliondoka Utende kwa boti ya mashine, nimebanwa kati ya madumu na magunia ya mchele. Hatukufika mbali, jibu nikaliona. Nahodha alitoa simu yake mfukoni, imevalishwa kondomu na kufungwa fundo, akawa anabonyeza juu ya mpira.

"Maji ya chumvi hayaingii, dokta," akanieleza bila haya. "Jibondo ndivyo tunavyofanya."

Nikakasirika. Sisi tunahangaika na maboksi, kumbe tunavalisha simu!

Saa nne nilifika zahanati. Mhudumu wake, Bi Mwanahamisi, ni mama wa makamo aliyewaona karibu vijana wote wa pale wakizaliwa. Boksi lilikuwa dirishani pake, mbele ya benchi la kina mama wanaosubiri kliniki. Sikungoja hata chai. Nikatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo, anayetaka kwa ajili ya simu asipewe.

"Haya, mwanangu," akasema Bi Mwanahamisi. "Mzigo ni wako."

Saa saba maji yalikuwa yamekupwa, nikashuka pwani kutazama mashamba ya mwani. Binti mmoja akanifuata, miguu imejaa mchanga.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba."

Jina lake Zuhura, mtoto wa kaka yake Bi Mwanahamisi. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi bara, mwezi ujao aondoke. Ana mchumba, Omari, fundi wa boti, na ndoa wamekubaliana ifungwe akimaliza masomo.

"Umetumaliza, dokta," akasema.

"Nimewamaliza vipi?"

"Nikichukua pale dirishani nasema ni ya simu, hakuna anayegeuka. Sasa nitasema ya nini? Sijafika nyumbani, mama ameshaambiwa."

"Omari si achukue yeye?"

"We! Watauliza anampelekea nani, na wanajua ni mimi. Dukani nako anauza baba yake mdogo." Akapangusa mchanga miguuni. "Mimba ikiingia, chuo ndiyo basi tena."

"Na wanaoumwa wanaokuja kwetu?"

"Hao ndio wanaovalisha simu kweli."

Nikamwomba anionyeshe simu yake. Haikuvalishwa kondomu, ilikuwa ndani ya kopo la siagi lenye mfuniko.

"Kopo kanipa shangazi," akasema.

Niliona aibu, tena si ndogo. Kwa maneno machache ya ukali nilikuwa nimemfungia mtu mlango wake wa pekee.

Saa tisa, kabla ya boti kuondoka, nilirudi zahanati. Benchi lilikuwa bado lina watu. Nikasema kwa sauti ileile ya asubuhi, "Bi Mwanahamisi, nilikosea. Naomba moja ya simu yangu, naogopa maji."

Kina mama wakaangua kicheko. Bi Mwanahamisi mwenyewe akaivalisha simu yangu, akafunga fundo. Kisha akamwona Zuhura amesimama mlangoni.

"Na wewe je? Simu yako si ndiyo inayoshinda majini kila siku? Njoo uchukue pakiti nzima."

Hakutabasamu hata kidogo. Nikalikumbuka lile kopo, na nani aliyelitoa.

Kesho yake, Kilindoni, nilimweleza bosi yote. Akashika kalamu, akaniuliza sasa tuandike zinakwenda wapi.

"Andika zinakwenda kwenye simu," nikamwambia. "Na uwaongezee boksi."