Kitenge Tumboni mwa Mbwa

Miaka ile ya wakimbizi baba alikuwa bwana mifugo Kigoma, na sisi tulikaa Bangwe. Mzee mmoja Mrundi, aliyehifadhiwa kwa jirani, alituletea mbwa wake jike, amelegea, usaha unamtoka. Alikuwa amevuka naye ziwa; watu wake wengine hakujua walipo. Baba akampasua mbwa uani, juu ya meza yetu ya kulia, akatoa kizazi kilichooza, akashona, kisha akaondoka kwenda Ilagala kuchanja ng'ombe.

Mama alikuwa amewafunga matumbo wazazi wa mtaa mzima, akaona hapa hakuna tofauti. "Aliyepasuliwa tumbo anafungwa," alisema, akachukua kitenge akamkaza mbwa kutoka nyonga hadi mbavu. Tulicheka sana.

Baba aliporudi baada ya siku chache, mbwa hali wala hanywi, anatapika tu. Kitenge kilipofunguliwa, tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma, mshono umeachia, na harufu ikatusogeza nyuma. Mzee alikuwa amesimama palepale.

"Nani kafunga takataka hii?" Baba akamgeukia mama. "Umemuua mbwa wa watu! Huna akili hata kidogo!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbele ya mgeni, jamani! Nilikuwa msichana mkubwa, ningeweza kusema neno, lakini niliinama nikaanza kukikunja kitenge. Mbwa akakata roho kabla ya adhuhuri. Mzee ndiye aliyemsogelea mama pale alipojikunyata.

"Mama, mwihangane," alimpa pole kwa Kirundi, kana kwamba mfiwa ni mama.

Toka hapo mama hakumfunga mzazi yeyote. Wakija kumwita, aliwaambia mikono yake ina nuksi, na wengine wakaanza kuamini hivyo.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshamzika mama, nilimpelekea baba ugali na samaki wa mgebuka. Sijui nini kilimkumbusha.

"Yule mbwa alioza kuanzia ndani," alisema. "Nilisahau shashi ya kufutia damu humo tumboni. Nilimpasua tena siku ileile kabla hajazikwa, nikaiona."

"Mama ulimwambia?"

Akavuta sahani karibu. "Mgebuka huyu mmemzidishia chumvi."

Uso ukaniwaka kwa aibu, yake na yangu. Nikanyanyuka, nikaenda kumletea ndimu.