Msumari wa Marlène

Mwaka 2006 Marlène, mzaliwa wa Uvira, alinunua nyumba mtaa wa Hodge Hill, Birmingham, Uingereza. Kosa lake la kwanza lilikuwa kumwambia Pasta Gaston wa kanisani kwake.

"Haleluya! Mungu ametupatia nyumba!" Pasta akatangaza kanisani.

Ametupatia akina nani? Marlène alipokuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, zamu juu ya zamu, hao wenzake walikuwa wapi? Serikali ilimtupa mji wa mbali wa Middlesbrough akiwa mkimbizi. Akajihamishia Birmingham mwenyewe na sanduku lake, akapanga miaka mingi kwa mwenye nyumba aitwaye Lakhbir. Lakhbir alikataza wageni, ngoma, na msumari ukutani. Ndiyo maana siku ya kupewa funguo Marlène hakupika wala hakusali: aligongelea msumari sebuleni, akatundika picha ya marehemu mama yake.

Haikupita wiki, kikaletwa kwake kinanda cha kanisa. Kisha kwaya. Kisha matanga ya mtu ambaye Marlène hakuwahi kumwona, wafiwa wakilala mpaka kwenye ngazi. Waumini wengine wote walikuwa wapangaji, na wenye nyumba wao hawakutaka kelele.

"Kwa Marlène ni kwetu," walisema, wakifungua friji yake.

Akinuna, Mama Jeannine wa kwaya humchoma: "Dada, nyumba imekupanda kichwani?"

Marlène alichemka mpaka akampigia Lakhbir simu: njoo Ijumaa, jifanye nyumba ni yako na mimi mpangaji wako tu, wafukuze.

Lakhbir alikuja kama mtu aliyeiota kazi hiyo maisha yake yote. Aliingia na viatu katikati ya maombi.

"Nje! Marlène aliwadanganya, ni mpangaji wangu tu! Nani kawaruhusu kuimba kwenye nyumba yangu?"

Kwaya ikaanza kusaka mikoba. Marlène akainamisha kichwa, akicheka kimoyomoyo. Ndipo Lakhbir alipoutazama ukuta.

"Na huu msumari?"

Akaitungua picha ya mama, akaiweka sakafuni, akaanza kuung'oa.

"Kang'oe meno yako!" Marlène alinguruma. "Nyumba ni yangu! Yangu mimi!"

Uso wa Pasta Gaston ukachanua.

"Kumbe ni yako kweli? Haleluya! Tuketi, wapendwa."

"Nje na wewe, Pasta! Beba na kinanda chako!"

Wakatoka wote, Lakhbir mbele, kinanda kikinyeshewa njiani. Mama Jeannine akarudi kugonga dirisha: sufuria yake ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, imebaki jikoni.

"Imebaki kwangu," Marlène akamjibu, akaenda kutafuta nyundo ya kuurudishia msumari wake.