Betri Niliyoisifia kwa Majirani

Nakiri mbele yenu: mimi ndiye niliyeichagua ile betri kubwa ya kubebeka. Mume wangu alitaka kwanza tumuulize fundi inamudu vifaa gani. Nikamwambia macho ninayo, nikachukua yenye taa nyingi na mpini mzuri.

Jumamosi mchana umeme ukakatika hapa kwetu Runazi. Nikaingiza mkono nyuma ya kabati, nikachomeka waya kwenye betri, nikabonyeza. Televisheni ikawaka! Nikaita majirani. Tukatazama kwa saa tatu nzima, nami nikihubiri sifa za betri yangu, mpaka Mwalimu Gozibeti akasema, "Mama Devota, kesho naenda Biharamulo kununua kama hiyo."

"Chukua hii hii, usibabaishwe na mafundi," nikamjibu, nikimtupia jicho mume wangu.

Mara mama mkwe, aliyekuwa akifagia maganda ya karanga nyuma ya kabati, akatokea ameibeba betri mikononi, waya unaning'inia.

"Mwanangu, hiki chombo kinanizuia kufagia. Nikiweke wapi?"

Nyuma yake televisheni iliendelea kusema. Kumbe umeme ulirudi palepale nilipobonyeza, na waya niliouchomeka kwenye betri ulikuwa wa redio yetu mbovu. Ule wa televisheni haukuwahi kutoka ukutani.

Nikatamani kujificha chini ya kochi. Mwalimu akaitazama betri, akaitazama televisheni, akasema taratibu, "Kweli ni kali, Mama Devota. Inawasha hata ikiwa imechomolewa."

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka, nami nikamfuata.